Chumba cha Cucu na Mlango Tuliouziba

Cucu alikataa kulala kwenye nyumba yetu, na haikuwa kiburi. Cucu ni mamake Baba, na kwetu hapa Embu mama halali nyumba moja na mwanawe aliyeoa. Haifai tu. Ukiuliza mtu kwa nini haifai, anakuangalia kama umemuuliza kwa nini watu huvaa nguo. Kwa hivyo miaka yote Cucu alilala jikoni kwake, ng'ambo ya uwanja, kwa kanyumba ka mbao ambako ndani ni keusi tititi kwa moshi. Kitanda chake kilikuwa karibu na mafiga, hivi kwamba aliweza kusukuma kuni kwa mguu bila kuamka. Juu ya kitanda alining'iniza mahindi ya mbegu, yakaushwe na moshi yasiguswe na wadudu. Wadudu hawakuyagusa kweli. Lakini moshi ulimgusa yeye.

Mwaka jana, mvua ya mwezi wa nne ilipoanza, kifua chake kilianza kupiga filimbi. Baba akampeleka hospitali mjini, na daktari akamwambia wazi kwamba dawa atapewa, lakini akiendelea kulala na moshi hiyo dawa ni kazi bure. Na baridi ya mwezi wa saba ilikuwa inakuja. Huku kwetu juu, upande wa mlima, mwezi wa saba ukungu hushuka ukakaa juu ya mabati hadi saa za chakula cha mchana, na mtu wa kifua hana pa kukimbilia. Baba alirudi kutoka hospitali. Alikaa kwa ngazi akivua viatu, akivua kiatu kimoja kwa muda mrefu sana.

Halafu akakumbuka kile chumba cha mwisho.

Nyumba yetu ni ya mawe, na mwisho kabisa kuna chumba ambacho kilikuwa jikoni nikiwa mdogo, kabla Mama ajengewe jikoni la nje. Kina mlango wake wa kutokea nje, na mwingine wa ndani unaoingia kwa korido yetu. Wakati huo tulikuwa tunaweka magunia humo. Baba akavuka uwanja kwenda kumweleza Cucu. Mimi nikamfuata nyuma, kwa sababu sipendi kuambiwa mambo baadaye.

Cucu alisikiliza yote akichambua maharagwe.

"Huo mlango wa ndani," akasema, "ukizibwa, hicho hakitakuwa chumba chako. Itakuwa nyumba yangu imeegemea yako. Hapo nitalala."

"Nikiziba kwa mawe?" Baba akauliza.

"Ziba na chochote. Lakini nisione mlango."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Alidhani ameshinda. Mimi pia. Nisione mlango, hiyo ilikuwa kitu gani? Mawe, simiti, basi.

Baba anafanya kazi ofisi ya kaunti, mambo ya maji, na mwiko wa simiti aliushika mara ya mwisho akiwa kijana. Lakini alikataa fundi. Alisema nyumba ya mamake ataimaliza kwa mkono wake. Akang'oa mlango na fremu, akapanga mawe, akapiga plasta Jumamosi nzima akiwa na suruali ya zamani iliyomkataa kiunoni. Plasta ikakaa, ila katikati ilitokeza kidogo.

Mama akaja akasimama akaangalia. "Baba watoto, huu ukuta umeshika mimba."

"Utazaa chumba," Baba akajibu, na kwa kweli alikuwa na furaha.

Kupaka rangi nikaachiwa mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja chuo, na mtu anayengoja chuo pale nyumbani huonekana na kila mtu kama mkono usio na kazi. Lakini hii nilitaka. Kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyepewa jina la Cucu, yeye huniita wajina. Pili kwa sababu mimi napenda kitu kianze na kiishe. Sijui kungoja. Nikipika chapati, ile ya kwanza haifiki kwenye sahani.

Nikaenda mjini Embu kununua rangi. Duka lilikuwa la mama mmoja mwenye simu katikati ya bega na sikio, anauza misumari huku akigombana na mtu kuhusu mbuzi. Akaniuliza, "Ukuta ni mpya ama wa zamani?"

"Wa zamani. Na kuna mahali pamezibwa juzi."

"Kulikuwa kunapikwa?"

"Zamani. Na kuni."

"Basi uchukue andakoti kwanza." Akagonga mkebe fulani kwa kucha. "Wengine wanaita praima. Inashika ukuta, halafu rangi yako ndiyo inakuja juu."

"Hiyo andakoti inaonekana?"

"Itaonekana aje na umeifunika?"

Hapo nikamuuliza swali ambalo niliona ni la akili sana. Kwa nini mtu anunue rangi ili aifiche na rangi nyingine? Si ni kupaka mara mbili hii ya kuonekana? Yeye akarudi kwa mbuzi wake. "Ukuta ni wako, msichana," akasema. Nikachukua rangi ya maji, krimu, rola na brashi, nikaenda zangu.

Kesho yake nikapaka. Mama alinishikia meza nikipanda. Nilitoa utando wa buibui kwa ufagio, nikapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, nikaanza. Karibu na dari ukuta ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, ule moshi wa miaka ya kuni. Na pale Baba alipoziba, chini kwa sakafu, plasta ilikuwa bado ya rangi ya giza, ina unyevu. Niliona. Nikajiambia rangi itaikausha.

Na jioni ilipofika chumba kilikuwa kizuri, aki. Rangi mbichi haijawahi kuwa mbaya. Ukuta wote ulikuwa unang'aa kama umepakwa siagi. Mama akaita jirani aje aone. Baba akatoka kazini akasimama mlangoni na tai yake, akasema, "Mami, umefanya kazi." Huniita Mami kwa sababu nina jina la mamake. Akisema hivyo huwa najisikia mtu mzima.

Asubuhi nikafungua dirisha ili niuangalie tena. Nikadhani macho yangu hayajaamka.

Juu, ule moshi ulikuwa umepenya rangi. Madoa ya kahawia, mengine yameteremka kama machozi ya mtu aliyejipaka wanja. Lakini hayo hayakuniua. Kilichoniua ni ule mlango. Ile plasta mpya ilikuwa imekunywa rangi yote ikabaki imekufa, haina mng'ao, ya giza kidogo, na ukuta wa zamani kuuzunguka unang'aa. Kwa hivyo ukutani kulikuwa na umbo lililonyooka pande zote, urefu wa mlango, upana wa mlango. Ulionekana mlango kuliko ulipokuwa mlango, kwa sababu zamani tulikuwa tumeufunika na makoti na kalenda.

Nikachanganya rangi nikapaka tena hapo hapo. Ikapendeza. Ikakauka. Mlango ukarudi. Nikapaka mara ya tatu nikiwa nimekasirika, na ukarudi pole pole mbele ya macho yangu, kama mtu anayetoka gizani akijua unamjua.

Kabla nipange nitasema nini, nikasikia bakora ya Cucu nje.

Akaingia. Jicho lake moja lina ukungu, lakini hilo lingine linatosha watu wawili. Akasimama katikati ya chumba.

"Wajina."

"Eeh, Cucu."

"Hicho ni nini?"

"Ni ukuta."

"Mimi nimelea watoto, na wote walinidanganya vizuri kukushinda wewe. Huo ni mlango. Naona hata pahali pa kushika."

"Ni rangi imekaa vibaya tu, Cucu. Nyuma yake ni mawe."

"Mawe mimi nayaona? Naona mlango." Akainua bakora akaelekeza juu, kwa yale madoa. "Na moshi pia. Mlisema moshi wangu utaniua, kumbe umenitangulia huku kunitandikia!"

Akacheka. Sote tukacheka, Mama akiwa mlangoni, na kile kicheko cha Cucu kikageuka kikohozi. Kikaendelea. Akashika ukuta kwa kiganja ili asianguke, na kilipoisha na akautoa mkono, rangi yangu ilikuja na kiganja chake kama ngozi ya maziwa. Aliiangalia mkononi. Akaifuta kwa leso yake akarudi jikoni kwake.

Baba aliporudi nikamwonyesha mwenyewe. Hakunigombeza. Aliangalia ukuta, akaangalia moshi unaotoka kwa paa la mamake ng'ambo, akasema tu, "Mwezi wa saba hautatungojea." Heri angenigombeza.

Nikaleta wazo la pazia. Tuning'inize pazia kubwa, zuri, la maua, lifunike lile umbo.

Mama akaniangalia. "Na pazia huwekwa wapi?"

"Kwa ukuta."

"Huwekwa kwa mlango, wewe."

Basi Mama akampigia Tata.

Tata ni dada ya Baba. Aliolewa Meru, anakaa Nkubu, ana saluni hapo karibu na soko, na hiyo saluni aliipaka rangi mwenyewe kutoka sakafu mpaka juu. Akafika na kifurushi cha ndizi na sauti ambayo unaisikia kabla ya lango. Cucu akamsalimia kutoka jikoni, "Huyo ni nani anaongea Kimeru kwa boma yangu?" Tata akajibu kwamba ni mtoto wake aliyempeleka kwa Wameru mwenyewe na mbuzi wa mahari akawala. Hivyo ndivyo wanavyosalimiana wale.

Akaingia chumbani, akakwaruza ukuta kwa kucha. Rangi ikatoka ukanda mzima.

"Nani alipaka?"

Mama akanionyesha kwa kidevu.

"Aliosha?"

"Nilipangusa," nikasema.

"Alipangusa!" Akamgeukia Mama. "Wifi, huyu ukimtuma aoshe sufuria si atailipulia tu pumzi?" Halafu akanigeukia mimi, mikono kiunoni. "Hebu niambie. Ukienda harusi, uso unaufanya nini?"

"Najipodoa."

"Unaanza na nini?"

"Naosha uso."

"Halafu?"

"Halafu mafuta. Halafu nakausha. Halafu praima, ndio ile poda ikae isi..." Nikanyamaza.

"Usinyamaze bana. Endelea! Isi nini?"

Mama alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko. Nikacheka pia, nitafanya nini?

Tata akanifafanulia akikwaruza. Moshi wa kuni si vumbi, ni mafuta. Rangi ya maji ikikaa juu yake inateleza, na ule moshi unapenya unatoka juu. Plasta mpya nayo ina kiu, inanyonya. "Huku ukuta umeshiba, huku una njaa," akasema. "Ukiwapakulia sahani moja kila mmoja atakula kivyake, na ndio unaona mpaka. Andakoti ya mafuta inawafanya wawe watu wa nyumba moja. Hapo sasa hata ukiwapa krimu, ukiwapa kijani, wanapokea sawa."

"Kwa hivyo leo tunaanza andakoti?"

"Leo tunakwaruza."

Tukakwaruza. Kesho yake tukaosha na maji moto na sabuni ya unga, brashi ya kufulia, kutoka juu kuja chini, na maji yaliyotoka yalikuwa kahawa. Nilimwaga ndoo baada ya ndoo nyuma ya choo, na kila ndoo nikashangaa moshi wa utoto wangu wote ulikuwa umejificha wapi. Ile sehemu ya mimba Tata akaisugua na jiwe la msasa mpaka ikapoteza tumbo. Halafu nikachukua mfuko wa kwenda mjini.

"Unaenda wapi?" Tata akauliza.

"Kuleta andakoti."

"Ukuta umelowa kama mtoto. Ngoja ukauke. Na hii plasta ya ndugu yangu haijakauka hata tumboni." Akakata kipande cha karatasi ya nailoni, akakibandika pale kwenye plasta mpya kwa ukanda wa gundi pande zote. "Utakuwa ukiangalia hapa. Ukiona jasho ndani ya nailoni, ukuta bado. Siku utaikuta kavu, unipigie." Na kama alijua kilichokuwa kichwani mwangu, akaongeza, "Ukipaka kabla, mimi nikirudi nakunyoa hizo nywele."

Akarudi Nkubu kwa saluni yake, akaniacha na nailoni.

Sijawahi kuchukia kitu kama ile nailoni. Kila nikiamka naenda kuiangalia, na kila mara kuna jasho. Mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku. Siku nyingine jua lilitoka nikakimbia kufungua mlango na dirisha, kisha likaingia tena, nikafunga. Nilifikiria kuwasha jiko la makaa katikati ya chumba. Nilikuwa hata nimelibeba mpaka mlangoni, na Cucu akaniona kutoka kwake.

"Leta, wajina! Washa! Ule moshi mliouosha ulikuwa umeanza kunikosa!"

Nikalirudisha.

Kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, nilianza kukaa na Cucu jikoni kwake mchana. Nilikuwa naingia kule kila siku maisha yangu yote, lakini kuingia na kutoka. Kukaa ni kitu kingine. Macho yanawasha, pua inaziba, halafu baadaye unazoea na hapo ndipo kubaya, kwa sababu ukizoea unasahau kwamba unaumia. Moto unakuongelesha. Kuna joto la kutosha kwa magoti. Nilielewa kwa nini hakuwa na haraka ya kuhama.

Siku moja nikamuuliza. Nilimwambia, Cucu, tuseme ukweli, ukiona mlango na unajua nyuma ni mawe, shida ni gani?

Alikuwa anamenya viazi. "Baba yako ni mtoto wangu," akasema. "Lakini usiku ni mume wa mtu. Kuna vitu mama hafai kusikia."

"Cucu!"

"Si umeuliza? Mlango ni sikio. Sasa nikilala usiku naangalia ukuta na una sikio, nitakuwa nafikiria nini? Nitakuwa nafikiria ninasikia. Na yeye huko ndani atakuwa anafikiria mama anasikia. Hata akikosana na mkewe atanong'ona. Nyumba ya watu wanaonong'ona si nyumba."

Niliona aibu na nikacheka mpaka moshi ukaniingia kooni. Yeye akacheka pia, na kikohozi kikaja kama kawaida, lakini siku hiyo kilikaa. Kilikaa sana. Alijaribu kuniambia nimpe maji na akashindwa kumaliza neno, akaonyesha kwa kidole tu. Nilimpa, nikamshika mgongo, na chini ya sweta nilihisi mifupa yake inaruka. Nje ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwa migomba, na bado haikuwa hata mwezi wa saba.

Alipotulia nikatoka moja kwa moja mpaka kile chumba. Nikaweka viganja vyote viwili kwenye plasta. Ilikuwa baridi. Nikaiambia, kwa sauti, ikauke. Kama mtu angenisikia angesema chuo kimechelewa sana.

Nailoni ilikauka siku ambayo sikutarajia, baada ya jua la siku chache mfululizo. Nikaikuta safi. Nikaibandua, nikaibandika tena, nikaenda kunywa chai, nikarudi kuiangalia. Safi. Nikampigia Tata nikipiga kelele hata hakunisikia.

Akaja siku ambayo saluni hufungwa, akanikuta nimeshaleta andakoti kutoka mjini. Yule mama wa duka hakuniuliza chochote, alinipa mkebe huku anaongea na simu, na nadhani yale mambo ya mbuzi yalikuwa bado. Tata akavaa mfuko wa nailoni kichwani, akafungua mkebe, akakoroga na kijiti kutoka chini kabisa. Harufu ilituingia mpaka nyuma ya macho.

"Cucu asikanyage hapa mpaka hii harufu iishe," akasema. "Tusimtoe kwa moshi tumuue na thina ya rangi."

Yeye akashika brashi, pembeni na pembe za dari. Mimi nikashika rola. Andakoti ni nzito, inavuta mkono, haitelezi raha kama ile krimu. Na si nzuri. Nyeupe iliyokufa, kama ubao wa shule uliofutwa vibaya. Tulipomaliza nikasimama nikaukazia macho pale palipokuwa na mlango. Nilikuwa nangoja utoke.

"Acha kuuangalia hivyo," Tata akasema. "Utauita."

Haukutoka. Jioni haukuwa umetoka. Asubuhi nilienda hata kabla ya kuosha uso, nikafungua dirisha, na ukuta ulikuwa mmoja. Mweupe, wa kuchosha, mmoja. Juu karibu na dari kulikuwa na kivuli kidogo sana cha moshi upande mmoja, Tata akasema hapo tutarudia. Tukapitisha msasa taratibu, tukafuta vumbi, tukarudia. Kivuli kikakubali.

Krimu ilipokuja juu ilikuwa kazi ya furaha. Rola ilienda kutoka ukuta wa zamani ikaingia kwa ule mpya na mkono wangu haukujua umevuka. Hiyo ndiyo nakumbuka kuliko yote. Mkono haukujua.

Halafu kungoja tena! Harufu. Dirisha wazi, mlango wazi, kila siku. Cucu alikuwa anakuja mpaka kizingitini, ananusa kama mbwa wa polisi, anasema, "Bado mnauza petroli hapa," anageuka. Siku moja akanusa, akanusa tena, na akaingia.

Baba alikuwa nyumbani. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, amevaa koti. Mama akaja. Cucu hakutazama sana. Alienda kwa ukuta, akaegemeza bakora kwa ubavu, akaweka kiganja akaanza kukitembeza, pole pole, kutoka kona, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akafika mwisho. Akarudi. Akageuka.

"Mlango ulikuwa wapi?"

"Hapa, Mama," Baba akasema, akaweka mkono.

"Hapo?" mimi nikasema. "Si hapa?" Nikaweka wangu, mbali na wake.

"Nyinyi wote mmepotea," Mama akasema. "Ulikuwa huku, karibu na kona. Mimi ndiye nilikuwa napita nao na sufuria."

"Mimi ndiye niliuziba!" Baba akasema.

"Na mimi ndiye nilikuwa nagonga kiwiko hapo kila siku! Kiwiko changu kinajua!"

Tukaanza kubishana kweli. Baba akatoka akazunguka kwenda kuangalia upande wa korido, ambao bado ulikuwa plasta tupu, akaanza kupiga hatua akihesabu kwa sauti, Mama akimpigia kelele kupitia ukutani kwamba anahesabu vibaya, na kupitia huo ukuta hakuna aliyekuwa anasikia mwenzake vizuri. "Unasema?" "Nasema umepotea!" "Unasema?"

Cucu alikuwa ameketi kwenye gunia moja la mahindi lililobaki, anatusikiliza, ameweka mikono juu ya bakora. Baba aliporudi amechoka, Cucu akamwambia:

"Sasa kama wewe mwenye kuuziba huujui, mimi niujulie wapi? Leteni kitanda."

Baba alivua koti, akanipa nimshikie, akalichukua tena akalitundika mwenyewe kwa msumari wa nje, akavuka uwanja karibu akikimbia. Nilimkuta jikoni kwa Cucu ameshatoa godoro. Tulikibeba kitanda sisi wawili, mimi mbele, yeye nyuma, na miguu ya kitanda ilikuwa myeusi kwa masizi. Mama akatusimamisha katikati ya uwanja, hakiingii kwa rangi mpya hivyo, kioshwe. Cucu akapaza sauti kutoka ndani, "Kiosheni! Lakini hicho msikipake andakoti, nataka kukijua nikiamka!"

Bado anapika kule jikoni kwake mchana. Hilo tulishindwa, na nadhani hatukujaribu sana. Lakini usiku yuko kwa ukuta wake. Kifua hakijapona chote, daktari alisema kisipozidi hiyo ni baraka, na hakijazidi. Mwezi wa saba ulikuja na ukungu wake wote ukakaa juu ya mabati. Cucu, ambaye maisha yake yote alikuwa anaamsha jogoo, alianza kulala mpaka jua litafutwe.

Na kwa kuwa hakuna tena mlango wa ndani, chai yake ya asubuhi lazima izunguke nje. Mimi ndiye nilikuwa naipeleka hadi nilipoenda chuo. Unatoka kwa mlango wa mbele, unapita kwa majani yaliyolowa, malapa yanateleza, ukungu unaingia kwa kikombe, unazunguka nyumba yote kumfikia mtu ambaye kitandani mwake yuko mkono mmoja kutoka kwa korido yetu. Nilikuwa nalalamika njia nzima. Nafika, nabisha.

"Nani?" anauliza, kama mtu wa boma lingine kabisa.

"Ni mimi, Cucu. Kutoka kwa kina Baba."

Nasikia kitanda kikilia, bakora ikitafutwa.

"Basi karibu kwangu," anasema.